Kuku wapo, wateja wapo, hatukutani: wafugaji wa Tabora tufanyeje?

MfugajiIpuli

Wadau, mwangaluka.

Nafuga kuku wa nyama hapa Tabora mjini, kata ya Ipuli. Banda langu linabeba vifaranga 200 kwa mkupuo. Upande wa ufugaji sina tatizo kubwa: chanjo za magonjwa ya mdondo (kideri) na gumboro nazifuata, joto la wiki ya kwanza nalisimamia mwenyewe usiku kucha, na vifo ni vichache. Shida yangu inaanza siku kuku wanapokuwa tayari.

Chukueni mfano wa mwisho wa mwaka. Katikati ya Novemba karibu kila mfugaji ninayemfahamu, kuanzia huku kwetu mpaka Cheyo, anaingiza vifaranga akilenga Krismasi. Wiki ya sikukuu kuku wanajaa mji mzima na bei inaporomoka. Ikifika katikati ya Januari simu zinaanza kulia. Wenye mabanda ya chipsi wa Ng'ambo, mama wa mgahawa karibu na stendi, jamaa wa baa Kanyenye, wote wanataka kuku na hakuna mwenye kuku, kwa sababu tuliuza wote kwa pamoja na sasa wote tuna vifaranga.

Kinachoniuma zaidi ni zile siku za kusubiri. Kuku akitimiza wiki tano anakula gramu 150 na zaidi kwa siku. Kuku 200 wanamaliza zaidi ya nusu ya mfuko wa kilo 50 kila siku ya Mungu, na mnunuzi hakuongezei hata shilingi mia kwa kuwa kuku amekaa siku nne zaidi bandani. Dalali anaijua hesabu hiyo vizuri. Siku ya kwanza haji. Anasubiri ajue chakula kimekuishia, ndipo anafika na matenga yake, anawapima kuku kwa macho, anataja bei ya kichwa, mkubwa na mdogo bei moja. Ukikataa anawasha pikipiki, na kesho anarudi na bei ya chini kuliko ya jana.

Nimewafuata wauzaji moja kwa moja. Wengi jibu lao ni "lete tutaona". Mmoja alichukua kuku wangu kwa mali kauli, hela ikaja vipande vipande mpaka nikalazimika kukopa chakula dukani ili niingize kundi jingine.

Naomba mwenye uzoefu wa hapa kwetu anieleze. Muuzaji anataka nini hasa ndipo akubali kunipa oda kabla sijaingiza vifaranga? Ninunue friza, nichinje na kuhifadhi? Au kuna namna sisi wafugaji wadogo tunaweza kujipanga ili dalali asiwe mtu pekee anayejua nani ana kuku na nani anataka kuku? Kazi hii ndiyo inayosomesha wadogo zangu, kwa hiyo nauliza kwa moyo wote.

BandaLaChipsi_Ngambo

Mkuu wa Ipuli, mimi ni mmoja wa hao wanaosema "lete tutaona", ngoja nikwambie kwa nini.

Ijumaa mpaka Jumapili natumia kuku wengi, Jumatatu na Jumanne wachache sana. Kuku wangu namkata robo nne, na bei ya robo imeandikwa ukutani, haibadiliki. Kwa hiyo nataka kuku ambaye akishanyonyolewa na kutolewa utumbo ana kilo moja mpaka kilo moja na robo. Ukiniletea wa kilo mbili unaniletea hasara, maana mteja wangu halipi zaidi kwa robo kubwa. Mfugaji anakuja anajisifia kuku wake ni wakubwa, ananikasirikia nikimkatalia. Wakubwa wapeleke hotelini, kule wanapika mzima na wanauza kwa sahani.

Pili, saa. Mimi natakiwa niwe na kuku kabla ya saa tatu asubuhi ili viungo viingie vizuri. Moto unawashwa saa kumi jioni. Mfugaji anayekuja saa saba mchana na kuku hai miguuni amefungwa kamba, mimi nani atamnyonyolea saa hizo?

Tatu, na hili ndilo kubwa. Nimeshakubaliana na wafugaji, nikamwambia dalali wangu wiki hii asiniletee, halafu Alhamisi usiku napigiwa simu kwamba kuku wamepata bei nzuri kwingine. Ninyi mnamsema dalali, lakini mimi hajaniacha Ijumaa hata moja bila kuku. Akileta kuku ana harufu anamrudisha bila maneno. Nikimwambia mwezi wa Ramadhani mchana hakuna biashara, anipunguzie, nitachukua zaidi jioni, ananielewa. Huduma hiyo ndiyo ninayomlipia, na mfugaji akinipa huduma hiyohiyo nitamlipa yeye.

Wateja wangu wengi ni Waislamu na wanauliza kuku kachinjwa na nani. Lazima niwe na jibu.

Oda naweza kukupa hata kesho. Nionyeshe tu kwamba utaniletea mwezi mzima, siku zilezile, uzito uleule.

Mama Kulwa wa Isevya

Mwanangu wa Ipuli, marahaba kama ungenisalimia. Msome vizuri huyo baba wa chipsi, hakuna alichokuficha. Anachohitaji ni kuku kila wiki. Wewe una kuku mara moja kila baada ya wiki saba. Hata mkipendana vipi, mfugaji mmoja mwenye banda moja hawezi kumlisha muuzaji mmoja. Hapo ndipo dalali anapopata kazi yake: yeye anaokota kwako wiki hii, kwangu wiki ijayo, anaunganisha. Tukitaka nafasi ile, tuunganishe wenyewe.

Nitakueleza tunavyofanya sisi, maana tuko wafugaji saba na tumekaa pamoja muda wa kutosha kuona kinachoshika na kinachovunjika.

Hatukuanza kwa katiba wala mwenyekiti. Tulianza kwa daftari la wanunuzi. Wawili kati yetu walizunguka kwa miguu, soko kuu, Ng'ambo, Gongoni, Chemchem, mpaka upande wa chuo, wakiuliza mambo matatu tu: unatumia kuku wangapi kwa wiki, unawataka siku gani, na uzito gani. Bei hatukuigusa. Ukianza na bei mtu anakupa jibu la kukufukuza, lakini ukimuuliza mahitaji yake anakaa chini anakueleza mpaka matatizo ya nyumbani. Tulipojumlisha tukapata kama kuku 180 kwa wiki ambao watu walikuwa tayari kuwachukua kama tutawaleta bila kukosa.

Kisha tukahesabu kinyumenyume. Kuku anakaa bandani wiki tano. Akitoka, banda linahitaji wiki mbili: kutoa maranda yote, kuosha, kupulizia dawa, kuliacha likauke na kupumzika. Tafadhali usiziibe hizo wiki mbili. Magonjwa ya kundi lililopita yanamsubiri kifaranga mpya kwenye sakafu, na gumboro haiondoki kirahisi. Tano na mbili ni saba. Ndiyo maana tuko saba, kila mmoja ana wiki yake ya kuingiza vifaranga, na kwa hiyo kila wiki kuna banda moja lililokomaa. Kupata 180 wa kupeleka tunaingiza vifaranga 200, maana wapo watakaokufa na wapo watakaodumaa. Vifaranga huja kwenye maboksi ya 100, kwa hiyo ni maboksi mawili kila wiki. Banda lako la 200 lingeingia kwenye mpango huu bila kuongeza tofali moja.

Ukiwa na ratiba, mambo mengine yanajipanga nyuma yake. Zamani kila mmoja wetu alikuwa anampigia wakala wa vifaranga kwa wakati wake, anaambiwa foleni ni ndefu, hasa Novemba. Sasa wakala anajua maboksi mawili ya Tabora yanapanda basi kila wiki siku ileile, hela imetumwa mapema, na sisi hatuko tena mwisho wa foleni. Kifaranga akitotolewa anabaki na kiini cha yai tumboni kinachomlisha siku mbili mpaka tatu, ndiyo maana anaweza kusafiri bila kula. Lakini anayefika ndani ya siku moja na anayefika siku ya tatu si kifaranga mmoja. Huyu wa siku ya tatu utamwona amebaki nyuma mpaka siku ya kuuza, na kwa muuzaji anayetaka uzito mmoja huo ni mgogoro. Kwa hiyo mtu wetu anapokea maboksi stendi, hata kama basi limechelewa mpaka usiku wa manane.

Chakula kadhalika. Cha kuanzia tunanunua dukani, hatuchezi nacho. Cha kumalizia tunachanganya wenyewe. Mahindi tunayanunua kwa pamoja baada ya mavuno, Juni na Julai, yanapokuwa rahisi kule Urambo na Sikonge, tunayakausha vizuri yasiote ukungu. Mashudu ya alizeti yanatoka Singida. Chakula kinakula zaidi ya nusu ya gharama zote za kuku wa nyama, kwa hiyo mfugaji anayenunua mfuko mmojammoja kwa mkopo ameshauza faida yake kabla kuku hajaota manyoya.

Sasa uzito. Tupa bei ya kichwa. Tulinunua mzani wa kuning'iniza, na kati yetu na kikundi kila kuku anapimwa akiwa hai, mfugaji analipwa kwa kilo. Mnunuzi analipa kwa kilo ya kuku aliyekwisha safishwa. Kuku hai akichinjwa na kusafishwa anabaki kama asilimia 70 mpaka 75 ya uzito wake. Wa kilo moja na gramu 800 anakupa kilo moja na robo, akijitahidi anazidi kidogo. Jioni ya kuamkia kuchinja tunaondoa chakula, maji tunawaachia. Utumbo uliojaa chakula ukipasuka unachafua nyama, na mtu asidhani anapata faida kwa kumpima kuku aliyeshiba pumba, wenzake wanaona. Waliofika uzito wa baba wa chipsi tunaanza nao, wakubwa wanabaki siku mbili tatu wanakwenda hotelini. Kwa namna hiyo banda moja linaisha ndani ya wiki yake bila kulazimisha mtu kuchukua asichotaka.

Tunachinja mahali pamoja, alfajiri. Mchinjaji ni Mwislamu anayejulikana mtaani, na mnunuzi yeyote anaweza kuja kuona. Afisa mifugo anatupitia. Kuku wanapoozwa kwenye maji ya barafu mara tu baada ya kusafishwa, wanapangwa kwenye makasha yenye barafu, toyo, ile pikipiki ya matairi matatu, linaondoka kabla ya saa moja na nusu. Firigisi, vichwa na miguu vina wateja wao, mama ntilie wanavigombania, na hela yake ndiyo inayolipa wanyonyoaji na mafuta ya toyo.

Kuhusu friza uliyouliza: usianze nayo. Watu wa huku wakiona kuku ameganda wanadhani amekaa mwezi, watamwacha wachukue aliyechinjwa leo. Umeme ukikatika usiku kucha unaamka na nyama iliyolegea ambayo hutakiwi kuigandisha tena. Na hela ya friza ingekusaidia kununua vifaranga na chakula. Sisi tunayo moja, ya kuwekea kuku wachache wanaobaki Jumapili, basi. Friza haiwezi kurekebisha kalenda mbaya.

Krismasi. Hapa ndipo vikundi vingi vinapofia. Aliyepangiwa kuingiza vifaranga wiki ya kwanza ya Desemba anaumia, anaona wenzake watauza sikukuu na yeye kuku wake watakuwa wadogo. Lakini huyo ndiye atakayekuwa na kuku wiki ya pili ya Januari, mji mzima hauna. Tunamsihi kila mwaka, na kila mwaka Januari anatushukuru. Anayetaka kuuza sikukuu aingize kundi la ziada pembeni kwa hela yake na mteja wake. Lile la ratiba haliguswi.

La mwisho, na najua wengine halitawapendeza. Anayepokea simu za wanunuzi wetu, anayejua nani anapunguza na nani anaongeza, alikuwa dalali. Tulimfuata tukamwambia tunajua kazi yako, tunaiheshimu, tutakulipa kiasi hiki kwa kila kuku anayetoka, mbele ya wote, na wewe usinunue kwetu tena. Alifikiri siku kadhaa akakubali. Anazijua jikoni za mji huu kuliko sisi sote. Jumatano jioni anapigia kila mnunuzi, Alhamisi asubuhi sisi tunajua idadi.

Mkusanyaji_Ndono

Mama Kulwa, shikamoo. Umesema vizuri sana, ila hayo ni ya kuku wa nyama. Sisi wa kienyeji hali yetu ni nyingine na naomba isisahaulike, maana Uyui na Urambo vijijini kuku ni wengi na hotelini wanaulizwa kila siku.

Nakusanya kuanzia Ndono na Ilolangulu mpaka Usoke. Mfugaji wa kijijini ana kuku kumi, labda kumi na tano. Hauzi kwa ratiba, anauza siku mtoto anapohitaji sare au mgonjwa anapopelekwa zahanati. Huwezi kumpa oda. Unachoweza ni kuwa mahali palepale siku ileile, siku ya gulio, na mzani, na hela mkononi. Wakishajua kwamba Jumanne upo na hupunji, wanakuwekea.

Adui yetu mkubwa ni mdondo. Unaingia hasa kiangazi, unapita kijiji kizima. Dalili za kwanza zikionekana kwa jirani watu wanakimbiza kuku kuuza kwa bei ya kutupa, wachuuzi wanawabeba wakiwa wameshaambukizwa na kuupeleka ugonjwa kijiji kingine ndani ya tenga. Kwa hiyo mimi nachangia chanjo. Ipo ile ya matone ya jicho, I-2, inayotengenezwa Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, inafaa kijiji kisicho na jokofu, ingawa bado lazima itunzwe kivulini na ubaridi. Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, ndiyo maana lazima kaya zichanje siku moja, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Nalipa chupa, kijana wa kijijini aliyefundishwa na afisa ugani anachanja. Kuku wanaopona ndio ninaonunua mimi kesho. Mnunuzi anayesubiri mfugaji maskini agharimie kila kitu peke yake atakaa na matenga matupu kuanzia Septemba.

Kibali cha kusafirisha chukua kwa afisa mifugo, usijaribu kupita njia za panya. Na safirisha kabla jua halijapanda. Tenga lililorundikwa juu ya jingine saa sita mchana linaua kuku wa katikati.

MwanaUjiji

Salaam kutoka Kigoma. Nimesoma yote, nimefaidika, nami nina mawili.

La kwanza ni dagaa. Sisi tuko jirani na mwalo wa Kibirizi, dagaa wapo, kila mfugaji anadhani akijaza dagaa kwenye chakula amemaliza. Dagaa wana protini nyingi kweli. Lakini ukizidisha, hasa wiki ya mwisho, nyama inanuka samaki, na mteja anayekula kuku hataki kuonja dagaa. Wapo wauzaji wa Mwanga na Ujiji walioacha kuchukua kuku wa mfugaji fulani kwa sababu hiyo tu, na hawakumwambia, walinyamaza wakahamia kwingine. Punguza mapema, wiki ya mwisho ondoa kabisa, tumia soya na mashudu. Pia angalia chumvi na mchanga. Dagaa waliofagiliwa kutoka chini ya kichanja ni kilo za mchanga unazolipia.

Linalofanana nalo ni dawa. Kuku aliyepewa antibiotiki asiuzwe kabla siku zilizoandikwa kwenye pakiti hazijaisha. Mama Kulwa, sijui kama mnaandika hilo kwenye daftari lenu, mngeandika: banda lipi, dawa gani, siku gani. Muuzaji akiuliza unamwonyesha.

La pili ni umbali. Ninyi Tabora vifaranga vikitoka Mwanza vinapita Shinyanga na Nzega, mnavipokea bado vina nguvu. Sisi tuko mwisho wa reli na mwisho wa barabara. Ndiyo maana wafugaji wengi huku tumegeukia chotara, yaani mchanganyiko wa kienyeji na wa kisasa, na kuku wa mayai. Chotara anachelewa, lakini anasubiri. Akipitiliza wiki mbili hujafilisika, anakula mabaki na majani, na mteja anampenda kwa sababu nyama yake ni ngumu kidogo. Mayai nayo yanasubiri kuliko nyama. Trei 40 kutoka Kasulu zinafika mjini bila tatizo ukizifunga vizuri na kuweka ncha nyembamba ya yai chini. Huenda MfugajiIpuli ungefikiria kuweka mitetea hamsini pembeni ya hao wa nyama, kwenye banda tofauti lakini. Hela ya mayai inakuja kila siku na ndiyo inayokuzuia kumpigia dalali magoti siku chakula kimeisha.

MfugajiIpuli

Wote nawashukuru sana, na Mama Kulwa, shikamoo kwa kuchelewa. Nimeshaongea na wenzangu wanne wa Ipuli na Malolo, wote tuna mabanda ya karibu ukubwa mmoja. Yamebaki mawili yananikosesha usingizi. Mwenzetu akipata bei nzuri nje wiki yake ikifika, tunamzuiaje? Na mali kauli, maana wanunuzi wengi wamezoea kuchukua kwanza na kulipa baadaye.

Mama Kulwa wa Isevya

Marahaba mwanangu.

La kuuza nje: maneno hayamzuii mtu, hela inamzuia. Kwetu vifaranga vya kila wiki vinaagizwa kwa jina la kikundi na kulipwa na mfuko wa kikundi, na mfugaji anakatwa siku ya kupima kuku. Kwa hiyo kuku walioko bandani mwake si wake peke yake mpaka wamepimwa. Pia tulikubaliana bei ya kilo inayokaa mwezi mzima. Miezi mingine soko linatuzidi, miezi mingine sisi tunalizidi soko, na baba wa chipsi naye anabanwa na bei hiyohiyo. Mwenzetu mmoja aliwahi kuuza nje. Hatukugombana naye, ila wiki yake ikapewa mtu mwingine, akakaa mzunguko mzima bila vifaranga vya kikundi. Sasa ndiye mkali kuliko sote.

Mali kauli: usiikatae moja kwa moja, utabaki huna mteja. Iwekee ukomo. Kuku wa wiki hii hawashuki kwenye toyo kama wa wiki iliyopita hawajalipwa, hata kama ni rafiki, hata kama ni shemeji yangu. Na anayelipa kwa simu Alhamisi jioni, kabla hatujachinja, tunampunguzia kidogo kwenye kilo. Taratibu wengi wamehamia huko wenyewe, kwa sababu punguzo lile ni faida yao ya robo kadhaa. Malipo yote yanaingia kwenye namba moja ya kikundi, na ujumbe wa malipo unasomwa mbele ya watu watatu. Hela ikipita kwenye simu ya mtu binafsi, hata awe mwaminifu kiasi gani, mtaanza kutazamana vibaya.

MwanaUjiji, la dawa tunaandika, na la dagaa nimelipenda, nitawasomea wenzangu.

Mkiwa watano, mna mapengo mawili kwenye wiki saba. Msiwadanganye wanunuzi kwamba mnaweza kila wiki. Ama tafuteni wawili zaidi, ama chukueni wanunuzi wachache na wawili wenu wagawe mabanda yao katikati kwa ukuta, kila upande na kundi lake. Na kama wote ni vijana, nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa mkaulize ile mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana, 4 ya wanawake, 2 ya watu wenye ulemavu. Watataka kikundi kilichosajiliwa na mpango unaoeleweka, na ratiba ya wiki saba yenye majina ya wanunuzi ni mpango unaoeleweka kuliko mingi wanayopelekewa.

Lakini kabla ya ofisi, daftari. Zungukeni Ipuli na Malolo wiki hii, mpate wanunuzi, idadi, siku na uzito. Mkishajumlisha uandike hapa hapa, nitakaa na wewe tupange nani anaingiza vifaranga wiki gani.